Usiguse skrubu kwanza: kutafuta kosa la kihisi joto, maabarani na kiwandani

Niliitwa kwenye kiwanda kimoja cha maziwa nyanda za juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Maziwa yao yalikuwa yanachacha kabla ya tarehe, na kipimo cha fosfatesi, kile kinachoonyesha kama maziwa yamepata moto wa kutosha, kilikuwa kinafeli mara kwa mara. Skrini ya mtambo wa kupasha ilisoma nyuzi 72 bila kutikisika, na nyuzi 72 kwa sekunde 15 ndiyo kanuni. Basi lawama zikaenda kwa wafugaji na ndoo zao. Nilichomeka kipimajoto changu rejea kando ya kihisi chao, nikasubiri. Kikasoma 66.4.

Kosa lilikuwa la nyuzi 5.6, na aliyeliingiza aliliingiza kwa nia njema kabisa. Miezi kadhaa nyuma fundi wa zamu alikitoa kihisi, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota, na skrini ikasoma 94.4. Shuleni tulifundishwa maji huchemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo akaingia kwenye mipangilio ya transmita akaongeza 5.6. Lakini kwa urefu ule presha ya hewa ni kama kilopaskali 82, wakati pwani ni 101, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 na kidogo. Kihisi kilikuwa kizima. Kilichoharibika ni kile kilichorekebishwa.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na katazo: usiguse skrubu wala mipangilio mpaka ujue kosa linakaa wapi. Kazi yetu, ambayo wengi kiwandani tunaiita kalibresheni na maabara zetu za viwango huiita ugezi, ni kulinganisha na kuandika tofauti. Kurekebisha ni kazi nyingine, inakuja baadaye, na mara nyingi haihitajiki kabisa. Ukiongeza nyuzi mbili ili namba zipendeze, umefunika waya uliolegea, au maji yaliyoingia kwenye kichwa cha kihisi, na hilo kosa litaendelea kukua chini ya kifuniko chako.

Kipimo cha joto kiwandani ni mnyororo. Kuna kihisi chenyewe, ambacho kwa viwanda vyetu vingi ni Pt100, waya wa platinamu ambao ukinzani wake hupanda na joto, au themokapo, nyaya mbili za metali tofauti zinazotoa milivolti zikipata moto. Kuna nyaya za kupeleka ishara yake hadi kwenye kabati. Kuna transmita inayogeuza kuwa miliampia 4 hadi 20. Kuna PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, au kidhibiti kinachozigeuza miliampia kuwa nyuzi kwenye skrini. Na kuna pete moja ambayo mafundi husahau kuihesabu: kipima rejea ulichokuja nacho mkononi, kile unacholinganishia. Anza nacho.

Kabla ya kushuku chao, shuku chako

Kipima rejea kinaruka na gari, kinaanguka kutoka kwenye begi, kinawekwa juu ya boila. Platinamu ndani yake ni waya mwembamba sana, na mshtuko unaubadilisha ukinzani bila alama yoyote kwa nje. Cheti cha mwaka jana hakijui kilichotokea barabarani jana. Kwa hiyo mimi hukipima kwenye barafu kabla ya kuondoka na nikirudi. Kikihama zaidi ya nilivyozoea, kazi yote ya siku ile inarudiwa, hata kama mteja ameshalipa.

Barafu ni rahisi na ni sahihi, ila wengi huiharibu. Chukua barafu iliyogandishwa kwa maji safi yaliyotoneshwa, ipondeponde mpaka iwe kama sukari guru iliyovunjwavunjwa, ijaze kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, kisha mwagia maji yale yale ya baridi kiasi cha kujaza nafasi kati ya vipande tu. Maji yakizidi, barafu huelea, na chini kunabaki maji matupu. Maji huwa mazito zaidi kwenye nyuzi 4, kwa hiyo yale yenye joto kidogo yanazama hadi chini, pale pale ncha ya kihisi ilipo. Nimeona mtu akigombana na Pt100 nzima kwa sababu hiyo. Mwaga maji ya ziada, shindilia barafu ishuke, chomeka kihisi katikati, subiri dakika 15 au 20. Ukiifanya hivyo utapata 0.00, ukikosea ni kwa sehemu chache za mia za nyuzi moja.

Pwani kuna mtego mwingine. Barafu ya kuhifadhia samaki hutengenezwa kwa maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Chumvi hushusha nyuzi za kuganda, na barafu hiyo itakupa chini ya sifuri huku ukidhani kihisi ndicho kimepotea. Onja kidogo ulimini. Ukihisi chumvi, itupe. Hata ikikosa ladha, bado haijathibitika kuwa safi, kwa hiyo ya kugandisha mwenyewe ndiyo ya kuaminika.

Maji yanayochemka usiyatumie kama rejea, isipokuwa una kipima presha ya hewa na jedwali mkononi. Dar es Salaam na Mombasa utakuwa karibu na 100. Nairobi uko kwenye 94 na kidogo.

Kata mnyororo katikati

Ukishakiamini kipima chako, usihangaike na kila pete. Nenda kwenye kichwa cha kihisi, fungua nyaya, na mahali pa kihisi weka kalibreta, kifaa kinachoigiza ishara ya kihisi. Kwa Pt100 toa 127.84 Ω, skrini inapaswa kusoma nyuzi 72. Ikisoma 72, basi waya, transmita na PLC viko sawa na mtuhumiwa ni kihisi au namna kilivyochomekwa. Isiposoma 72, kihisi hakina hatia. Sogea hadi kwenye kabati, urudie pale. Kwa hatua mbili au tatu umeshamkamata.

Kuna jambo dogo la kuangalia hapa. Transmita nyingi za kisasa hazipitishi mkondo mfululizo kwenye Pt100, zinaupitisha kwa mapigo mafupi, na kalibreta za zamani hazifuati kasi hiyo. Utaona namba inayoyumba au kosa la ajabu, wakati ukirudisha kihisi halisi kila kitu kinatulia. Ikikupata, tumia kisanduku cha vikinza halisi, vile vya kuzungusha kwa vifundo. Hicho hakijali mapigo.

Upande wa themokapo mtego ni waya wa kuunganishia. Ukiiweka kalibreta kwenye hali ya themokapo halafu ukaiunga kwa transmita kwa waya wa kawaida wa shaba, kosa lako ni ile tofauti ya joto kati ya kalibreta na terminali. Kabati lililo juani lina nyuzi 45, kalibreta yako kivulini ina 28: umejitengenezea kosa la nyuzi 17 mwenyewe. Tumia waya wa aina ile ile ya themokapo. Na ukiamua kutoa milivolti tupu, kumbuka transmita huongeza joto la terminali zake. Toa 4.096 mV kwa aina ya K chumba kikiwa na nyuzi 30, skrini itasoma kama 129. Transmita iko sawa. Ni wewe uliyesahau kutoa 1.203 mV za chumba.

Dalili: imezidi kwa kiasi kile kile, baridi au moto

Pt100 inayosoma juu kwa nyuzi zile zile kwenye barafu na kwenye mvuke inakwambia kuna ukinzani wa ziada njiani. Kila 0.385 Ω ni nyuzi 1. Hesabu ni ya haraka: kihisi cha nyaya mbili, kebo ya shaba ya milimita mraba 0.5, umbali wa mita 30. Kwenda na kurudi ni mita 60, na kebo hiyo ina kama 0.0345 Ω kwa mita, jumla 2.07 Ω. Hizo ni nyuzi 5.4 za uongo, na zinabadilika kebo ikipata jua. Mtu akiziondoa kwa mipangilio asubuhi, mchana zinarudi kwa sura nyingine. Dawa ni waya wa tatu, au kuweka transmita pale pale kwenye kichwa cha kihisi.

Nyaya tatu nazo si kinga kamili. Transmita inapima waya mmoja na kudhani mwingine unafanana nao. Skrubu moja ikilegea au ikishika kutu, dhana hiyo imevunjika. Zima umeme, fungua nyaya, shika multimita. Kwa kawaida nyaya mbili ni nyekundu, za upande mmoja wa platinamu, na moja ni nyeupe, ya upande wa pili. Kati ya nyekundu na nyekundu upate ukinzani mdogo wa waya tu. Kati ya nyeupe na kila nyekundu upate namba mbili zinazofanana. Zikitofautiana hata kwa 0.1 Ω, hiyo ni robo ya nyuzi, na kuna kiungio kinachokufa. Safisha, kaza, pima tena. Mara nyingi kazi inaishia hapo, na hakuna haja ya kununua kihisi kipya.

Kisha fungua mipangilio ya transmita na ya PLC, zote mbili, utazame kama kuna mtu alishaongeza au kupunguza. Nimekuta mahali transmita imeongezwa 3 na PLC imepunguzwa 3, na kila fundi akiamini marekebisho yake ndiyo yaliyookoa kiwanda.

Dalili: kwenye sifuri iko sawa, ikipanda moto kosa nalo linapanda

Hili kwa kawaida ni kosa la kwenye karatasi. Transmita imepangwa 0 hadi 150, PLC imepangwa 0 hadi 200. Kwenye nyuzi 72 transmita inatoa 11.68 mA kama inavyostahili, na PLC inazisoma kuwa 96. Ingepangwa 0 hadi 100 ingesoma 48. Gawanya namba ya skrini kwa joto la kweli: ukipata sehemu nzuri kama 4/3 au 2/3, umepata jibu bila kufungua chochote. Hutokea sana baada ya transmita kuungua na kuwekwa ya stoo.

Kosa likiwa dogo na linakua polepole, angalia aina ya kihisi iliyochaguliwa. Themokapo ya K ikisomwa kama J, kwenye joto la chumba zote mbili zinakubaliana, ila kwenye nyuzi 100 utaona kama 83. Kwa Pt100 kuna mikunjo miwili ya ukinzani dhidi ya joto inayokutana viwandani: ule wa IEC 60751, kiwango cha kimataifa cha vihisi hivi, wenye 138.51 Ω kwenye nyuzi 100, na ule wa zamani unaokutwa kwenye baadhi ya mashine za Marekani na Japani, wenye 139.16 Ω. Ukichanganya, kwenye 100 unapoteza karibu nyuzi 1.7. Mashine ya mtumba ikifika bandarini na kihisi chake kikabadilishwa na cha dukani, hili ndilo la kwanza kulitazama.

Dalili: inasoma chini, na huzidi baada ya kuosha

Hili ndilo ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu linakuja na kuondoka. Ndani ya ala ya chuma kuna unga wa magnesia unaotenga nyaya, na unga huo hunyonya unyevu kama chumvi ya jikoni wakati wa masika. Kichwa cha kihisi kikiachwa bila mpira wa kuziba, maji ya kuoshea yanaingia, yanashuka, na umeme unapata njia ya mkato kando ya platinamu. Njia ya mkato hupunguza ukinzani, kwa hiyo Pt100 inasoma chini. Unyevu unaotoa njia ya 100 kΩ unakuibia nusu nyuzi kwenye nyuzi 100. Ukishuka hadi 10 kΩ, unakuibia karibu nyuzi 5.

Kihisi kikikaa kwenye moto kinakauka na namba zinarudi. Ukikipeleka maabarani siku ya pili hakina tatizo, unakipa cheti, unakirudisha, na baada ya kuoshwa Ijumaa simu inaita tena.

Kipime kwa mega, kile kipima utengaji wa umeme, kati ya waya na ala. IEC 60751 inataka angalau 100 MΩ kwa volti 100 za moja kwa moja katika joto la kawaida. Tafadhali kifungue kihisi kutoka kwenye transmita kwanza, maana volti hizo zitaiua. Usiweke mega kwenye volti 500 kwa mazoea ya kupima mota. Pt100 ndogo hazikuundwa kwa hilo. Kikisoma megaohmu mbili tatu, kimelowa. Unaweza kukikausha kwenye oveni ya nyuzi 110 kwa saa nyingi, na nimefanya hivyo pale ambapo cha akiba hakikuwepo, lakini naamini kihisi kilicholowa mara moja kwenye mstari wa chakula au dawa kinastahili kubadilishwa. Na kipya kikiwekwa, fundi akague mpira wa kifuniko na tezi ya kebo. Kebo iingie kwa kupinda chini kwanza, ili tone la maji lidondoke kabla ya kufika kwenye kichwa.

Themokapo: rangi na majira ya jua

Joto likipanda na namba ikishuka, nyaya zimebadilishwa mahali pamoja. Rahisi. Chanzo chake karibu kila mara ni rangi. Kwa fundi umeme nyekundu ni chanya. Kwa kebo ya K ya Marekani njano ni chanya na nyekundu ni hasi. Kwa ile ya IEC kijani ni chanya, nyeupe ni hasi. Viwanda vya zamani vilivyofungwa kwa kanuni za Uingereza vina kahawia chanya, buluu hasi. Kiwanda kimoja kinaweza kuwa na zote tatu. Usiulize rangi, uliza sumaku: waya hasi wa K, ule wenye nikeli na alumini, huvutwa kidogo na sumaku, na ule chanya hauvutwi. Mimi hubeba sumaku ndogo iliyotoka kwenye spika iliyokufa, nimeifunga uzi.

Ubaya ni zikibadilishwa mahali pawili, kwenye kichwa na kwenye kabati. Hapo namba inapanda vizuri na kila mtu anaridhika, ila kosa ni mara mbili ya tofauti ya joto kati ya kichwa na kabati. Kichwa kikiwa na nyuzi 60 na kabati 24, skrini inasoma chini kwa nyuzi 72.

Na kuna waya wa shaba. Mzee mmoja wa boila aliniambia, "Mwanangu, hii kitu asubuhi inasema kweli, jua likipanda inaanza kunidanganya." Alikuwa ameieleza dalili vizuri kuliko ripoti yoyote niliyowahi kusoma. Kebo ya themokapo ilikatika, mtu akaiunga kwa waya wa taa wa mita 15. Palipoanza shaba, kipimo cha joto kiliishia hapo. Kila nyuzi iliyoongezeka kwenye kiungio ilipungua kwenye skrini. Asubuhi kiungio na kabati vilikuwa sawa, kosa sifuri. Saa nane mchana kiungio kilikuwa kinachoma vidole. "Shikamoo mzee" peke yake haikutosha siku ile, nilimpa pia nakala ya ripoti yenye maneno yake.

Dalili: maabarani kiko sawa, kiwandani hakiko sawa (au kinyume chake)

Hapa ndipo watu wa maabara na watu wa kiwandani hukosana, na mara nyingi wote wana haki.

Chukua kihisi kifupi cha bomba la maziwa, chenye urefu wa milimita 50 na sahani kubwa ya chuma juu. Ukikichomeka kwenye kalibreta ya bloku kavu, kipande cha chuma chenye matundu kinachopashwa moto, yenye kina cha milimita 150, ncha inaning'inia juu ya sehemu yenye joto sawia, na ile sahani inanyonya joto na kulipeleka hewani. Kitasoma chini kwa nyuzi mbili, na mtu ataandika "kimefeli". Ndani ya bomba lake, maziwa yakipita kwa kasi pande zote, kinasoma sawa kabisa. Kanuni ninayoishika ni kuzamisha angalau mara 15 ya kipenyo, kisha kuongeza urefu wa ile chembe ya kuhisi. Kisipotosha, achana na bloku kavu, tumia beseni la maji au mafuta linalokorogwa. Ukilazimika kubaki na bloku, kipima rejea kikae kina kile kile, kando yake, na uifunike sahani kwa sufi ya kuzuia joto.

Namba inayoonyeshwa na bloku yenyewe usiitegemee. Kihisi chake kiko ukutani au chini kabisa, nawe unataka kujua joto lililopo kwenye ncha ya kihisi unachokipima. Weka rejea ndani daima. Tundu nalo lisiwe pana. Kihisi cha milimita 6 kwenye tundu la milimita 8 kinapima hewa. Wapo wanaojaza mafuta kwenye bloku kavu ili joto lishike. Usifanye. Hayo mafuta yatatoa moshi, yataacha ukoko, na siku moja soketi itakwama humo milele.

Kwa themokapo iliyotumika muda mrefu kwenye tanuru, nina msimamo mkali: usiipeleke maabarani kabisa. Milivolti hazitoki kwenye ncha, zinatoka kwenye urefu wa waya unaopita kutoka joto hadi baridi. Waya wa K uliokaa kwenye moto unabadilika sehemu sehemu, na ule uliokaa kwenye nyuzi 800 hadi 1,050 kwenye hewa yenye oksijeni haba huliwa kromiamu yake na kusoma chini sana. Ukiichomeka kwenye tanuru la maabara kwa kina tofauti, sehemu nyingine ya waya ndiyo inayofanya kazi, na cheti unachopata ni cha kihisi kingine. Ilinganishe pale pale ilipo, kwa kuingiza rejea kwenye tundu la jirani kina kile kile. Kama hakuna tundu, nunua mpya kutoka kwenye roli ambalo kipande chake kimepimwa, na itupe ya zamani kwa ratiba.

Kiwandani kosa la mara kwa mara ni ule mfuko wa chuma ambao kihisi hukaa ndani yake. Kihisi kisipogusa chini ya mfuko, kinapima hewa iliyofungiwa. Kinachelewa na kinasoma chini. Kitoe, kipake unga wa penseli kwenye ncha, kirudishe, kitoe tena. Unga usipohamia chini ya mfuko, hakifiki. Springi ya kukisukuma au kihisi kirefu zaidi kinaponya.

Dalili: presha inasema 121, kihisi kinasema 115

Kwenye chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke watu huiamini geji ya presha kuliko kihisi. Kabla hujakilaumu kihisi, jiulize kama hewa ilitoka yote. Mvuke mtupu kwenye nyuzi 121 una kilopaskali 205, presha ya hewa ya nje ikiwa imehesabiwa humo. Ukichanganyika na hewa, presha hiyo hiyo inafikiwa joto likiwa chini. Kihisi kinasema kweli na mzigo haujaiva.

Na tena urefu wa mahali unaingia. Geji huonyesha presha juu ya ile ya hewa ya nje. Pwani, 121 inakuja kwenye baa 1.03. Mita 1,700 inahitaji kama baa 1.22. Anayefuata 1.03 ya kitabu akiwa nyanda za juu anapika kwa nyuzi 118. Kwa vyombo vya upasuaji, tofauti hiyo si ya kufumbiwa macho.

Zilizobaki, kwa haraka

Namba imeganda juu kabisa au chini kabisa, na mkondo ni zaidi ya 21 mA au chini ya 3.6 mA: waya umekatika au kihisi kimekufa, na transmita inakuarifu hivyo kwa makusudi. Namba inarukaruka mota kubwa inapowaka: ngao ya kebo imefungwa ardhini pande mbili, au kebo ya kihisi imelazwa kwenye trei moja na nyaya za mota. Ifunge upande mmoja, itenge. Namba inaruka ukigonga bomba: kiungio kimelegea, rudi kwenye skrubu.

Andika ulivyokuta

Ukishaelewa chanzo, kabla ya kukigusa, andika namba ulizokuta. Kisha rekebisha, upime tena kwenye nukta zile zile, uandike ulivyoacha. Chagua nukta zinazozunguka kazi yenyewe: kwa mtambo wa maziwa mimi huchukua 0, 63, 72 na 85, nikipanda na nikishuka, na kwa kila nukta nasubiri namba isihame zaidi ya 0.05 kwa dakika tano. Pt100 ya daraja B inaruhusiwa kukosea 0.66 kwenye nyuzi 72, ya daraja A 0.29. Rejea yako iwe bora mara nne ya hapo, na cheti chake kiwe kimetoka kwenye maabara inayofuata ISO/IEC 17025, kiwango cha umahiri wa maabara, iwe ya TBS, ya KEBS, ya UNBS (mashirika ya viwango ya Tanzania, Kenya na Uganda) au ya binafsi yenye ithibati.

Ile namba ya kukuta ndiyo inayojibu swali zito: bidhaa zilizotoka tangu ugezi uliopita zilikuwa salama? Kwenye kile kiwanda cha maziwa hakukuwa na karatasi. Fundi wa sufuria hakuandika siku aliyoongeza 5.6, wala kilichokuwepo kabla yake. Tulikaa na meneja hadi usiku tukipekua daftari la maabara, tukitafuta ni wiki gani kipimo cha fosfatesi kilianza kufeli, ili kujua ni maziwa ya tangu lini yaliyofika madukani yakiwa hayajaiva.